Mzee Kenyatta na mpaka wa kaskazini: Safari ndefu kutoka vitani hadi meza ya Arusha

ANAYESAFIRI kutoka mji wa Thika akielekea mashariki huiacha nyuma mizinga ya moshi ya viwanda, akapita mashamba ya mananasi na mkonge, kisha akafika maeneo ya Ngoliba ambako mlima Kilimambogo husimama pekee kama mlinzi juu ya nyanda kavu. Huko ndiko ardhi yenye rutuba ya Kiambu inakokoma na nchi ya ukame inakoanza. Barabara hiyo haiishii hapo. Hupita Matuu na Mwingi, ikavuka mto Tana na kuingia Garissa, mlango wa eneo ambalo katika miaka ya mwanzo ya uhuru lilikaribia kuimega Jamhuri ya Kenya vipande viwili.

Mtu aliyebeba mzigo wa kuamua hatima ya eneo hilo aliifahamu Thika tangu ujana wake. Hayati Mzee Jomo Kenyatta alizaliwa Gatundu, si mbali na mji huo, katika miaka ya 1890. Kwa jina la kuzaliwa aliitwa Kamau wa Ngengi. Baada ya kusoma katika misheni ya Waskoti ya Thogoto na kubatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone, alikwenda Thika kutafuta riziki. Aliajiriwa na Mwingereza mmoja mhandisi, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kwenda Nairobi kuchukua benki pesa za mishahara ya wafanyakazi. Maradhi ndiyo yaliyomwondoa kazini.

Wakati huo walowezi walikuwa wameshatwaa sehemu kubwa ya ardhi ya Thika na viunga vyake, wakapanda mkonge na kahawa. Kijana Kamau aliona kwa macho yake jinsi mstari uliochorwa na mgeni kwenye karatasi unavyoweza kumgeuza mwenyeji kuwa kibarua katika shamba la babu yake. Jambo hilo la ardhi na mipaka ndilo lililomwingiza katika siasa, na ndilo lililomfuata hadi siku zake za mwisho Ikulu, ijapokuwa kwa sura ambayo huenda hakuitazamia.

KUTOKA MUIGWITHANIA HADI LOKITAUNG

Katika vita vikuu vya kwanza vya dunia Kenyatta aliishi Narok miongoni mwa Wamaasai. Baadaye akafanya kazi katika idara ya maji ya Nairobi, na mwaka 1928 akawa mhariri wa gazeti la Muigwithania lililochapishwa na Kikuyu Central Association. Chama hicho kilimtuma London mwaka 1929 kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirudi huko mwaka 1931 na akakaa Ulaya miaka 15. Alisomea elimu ya jamii na tamaduni chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu chake kuhusu maisha ya Wagikuyu, Facing Mount Kenya.

Aliporejea nyumbani mwaka 1946 alipokewa kama kiongozi. Mwaka uliofuata alichaguliwa rais wa Kenya African Union. Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, Kenyatta alitiwa mbaroni, akashtakiwa Kapenguria na kuhukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Hapo ndipo alipoijua kaskazini ya Kenya. Alifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, kisha akahamishiwa Lodwar na baadaye Maralal. Wakoloni walimpeleka huko kwa sababu nchi ile ilikuwa imefungwa, mtu hakuweza kuingia wala kutoka pasipo kibali. Kwa Kenyatta kaskazini ilikuwa gereza. Kwa wafugaji waliozaliwa humo, sheria iliyoilinda jela hiyo ndiyo iliyokuwa maisha yao ya kila siku.

MSTARI ULIOKATA KOO NA UKOO

Chanzo cha mgogoro kilikuwa cha zamani. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi NFD, ilikuwa na Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Waingereza waliitawala si kwa ajili ya mali bali kama ukuta kati ya mashamba ya walowezi kwa upande mmoja na Wahabeshi na Wataliano kwa upande mwingine. Hawakujenga shule za kutosha, hawakutia barabara, na waliwazuia wenyeji kwenda kusini bila pasi.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, ng'ambo ya mpaka wa sasa. Koo za Wasomali zilijikuta zimegawanyika, huyu chini ya bendera hii na ndugu yake chini ya nyingine. Somalia ilipopata uhuru Julai 1, 1960, nyota yenye pembe tano kwenye bendera yake ilisimamia sehemu tano walizokaa Wasomali, na mojawapo ya pembe hizo ilikuwa NFD.

Kenyatta alitoka kizuizini Agosti 1961 na kulikuta suala hilo mezani. Katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mjini London mwaka 1962, wajumbe kutoka kaskazini walitaka eneo lao litengwe na Kenya kabla ya uhuru ili lijiunge na Somalia. Vyama vikuu viwili, KANU cha Kenyatta na KADU cha Ronald Ngala, vilivyokuwa vikivutana karibu kwa kila jambo, katika hili vilisema kwa sauti moja kwamba Kenya haitatoa hata shubiri moja ya ardhi.

Julai 1962 Kenyatta na Ngala walizuru Mogadishu. Walikirimiwa kwa heshima zote, lakini viongozi wa Somalia hawakuficha nia yao, naye Kenyatta hakuficha yake. Kwa maoni yake jambo la NFD lilikuwa la nyumbani kwa Wakenya. Msomali wa Wajir alikuwa na haki zote za raia, na kama alitaka kuwa chini ya Mogadishu, alikuwa huru kuhama yeye mwenyewe, si kuihamisha ardhi.

Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza iliunda tume ya watu wawili kuchunguza maoni ya wananchi wa eneo hilo. Tume ilikuta kwamba Wasomali, ambao ndio waliokuwa wengi, walitaka kujitenga. Hata hivyo, Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba NFD ingebaki Kenya, na kwamba sehemu walizokaa Wasomali zingekuwa jimbo la saba. Somalia ilikata uhusiano wa kibalozi na London, na Wasomali wengi wa kaskazini wakasusia uchaguzi wa Mei 1963, uchaguzi uliompa Kenyatta uwaziri mkuu.

HOJA ZA PANDE MBILI

Mjadala uliozuka haukuwa mwepesi, na mpaka leo wanahistoria hawajaafikiana. Upande wa Somalia ulishikilia haki ya watu kujiamulia mambo yao. Waafrika walikuwa wameitumia hoja iyo hiyo dhidi ya wakoloni. Iweje basi iwe haki kwa Mkikuyu na Mjaluo, ikawa uasi kwa Msomali? Mpaka wenyewe haukuwekwa na Mwafrika yeyote, na tume ya Waingereza wenyewe ilikuwa imeshasikia matakwa ya wenyeji.

Hoja ya Kenyatta ilikuwa nzito vilevile. Kama kila kabila lililokatwa na mpaka lingedai kuungana na jamaa zake, hakuna nchi ya Afrika ambayo ingesalia. Wamaasai wako Kenya na Tanzania, Waluhya wako Kenya na Uganda, Waborana wako Kenya na Ethiopia. Fauka ya hayo, wakati uo huo kulikuwa na suala la Mwambao. Ukanda wa Pwani wa maili kumi ulikuwa kwa mujibu wa sheria milki ya Sultani wa Zanzibar, na wako waliotaka ujitenge. Kenyatta alilimaliza suala hilo kwa mazungumzo. Oktoba 1963 alifikia makubaliano na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, na Mwambao ukaingia Kenya kwa ahadi ya kulinda dini, mahakama za kadhi na hati za ardhi za wakazi wake. Kama angeiachilia NFD, angewezaje kuwaambia watu wa Mombasa na Lamu wabaki?

Hata hivyo, kulikuwa na tofauti moja kubwa. Katika suala la Mwambao wenye madai walipewa dhamana za maandishi. Watu wa kaskazini hawakupewa chochote ila jimbo ambalo hawakuliomba.

VITA

Juni 1963, majuma machache baada ya Kenyatta kuapishwa kuwa Waziri Mkuu, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo wilayani humo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Wawili hao walikuwa wakiwashawishi wananchi wakubali kubaki Kenya. Mazungumzo ya Agosti mwaka huo mjini Rome kati ya Uingereza na Somalia, yaliyohudhuriwa na ujumbe wa Kenya, hayakuzaa matunda.

Uhuru ulipatikana Desemba 12, 1963. Kabla mwezi huo haujaisha, Kenyatta alitangaza hali ya hatari katika kaskazini mashariki. Serikali iliwaita wapiganaji shifta, yaani majambazi, na jina hilo likabaki katika vitabu. Uteuzi wa neno hilo haukuwa wa bahati tu. Ulilitoa suala zima katika siasa na kulitia katika mafaili ya polisi. Lakini ulizaa mkanganyiko, kwa kuwa jambazi hukamatwa, hapewi kiti mezani, ilhali kila mtu alijua kwamba vita visingeisha bila kuzungumza na dola iliyokuwa ikiwapa wapiganaji hao silaha na hifadhi.

Nje ya nchi Kenyatta alijenga ukuta wa kidiplomasia. Alifunga mkataba wa ulinzi na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, aliyekuwa akikabiliwa na madai kama hayo katika Ogaden. Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliokutana Cairo waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo nchi zilipopata uhuru. Somalia ilikataa kufungwa na azimio hilo, lakini ilijikuta karibu peke yake. Ilitegemea silaha za Umoja wa Kisovieti, nayo Kenya iliendelea kutegemea msaada wa kijeshi wa Uingereza.

Mwaka huo huo Kenyatta alionja uchungu wa usuluhishi. OAU ilimfanya mwenyekiti wa kamati ya kutafuta amani Congo, ambako waasi wa Stanleyville walikuwa wakiwashikilia mateka wa kizungu. Mazungumzo yalipokuwa yakiendelea Nairobi chini yake, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremshwa Stanleyville Novemba 24, 1964 na ndege za Marekani. Kenyatta aliudhika mno. Alijifunza kwamba msuluhishi asiye na nguvu juu ya wenye bunduki hubaki na kiti kitupu.

KIVULI CHA VIJIJI VYA HALI YA HATARI

Kaskazini hali ilizidi kuwa mbaya. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliripua malori barabarani, na vituo vya polisi vilishambuliwa. Desemba 1965 Mwalimu Julius Nyerere aliwakutanisha Arusha Kenyatta na Rais Aden Abdullah Osman wa Somalia, lakini waliagana bila makubaliano. Juni 1966 Kenya ilikata uhusiano wa biashara na Somalia na kuzizuia ndege zake.

Ndipo serikali ilipochukua hatua iliyoacha jeraha refu kuliko zote. Wafugaji waliamriwa kuhamia vijiji vilivyolindwa na askari, na aliyeonekana nje ya maeneo yaliyoruhusiwa aliweza kuhesabiwa kuwa adui. Ngamia, waliobebeshwa mizigo ya wapiganaji, waliuawa kwa risasi. Mifugo iliyozuiliwa mahali pamoja ilimaliza malisho na kufa. Waborana wa Isiolo, ambao wengi wao hawakuwa na uhusiano wowote na Mogadishu, waliingia katika umaskini ambao koo nyingi hazijautoka. Wao hukiita kipindi hicho Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa.

Msomaji wa Kiambu au Murang'a hawezi kuyasoma hayo bila kukumbuka mambo ya nyumbani. Kuanzia mwaka 1954 Waingereza waliwakusanya Wagikuyu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge ili kuwakatia Mau Mau chakula. Wazee wa Gatundu, Thika na Ngoliba waliishi katika kivuli cha sheria hizo. Miaka 12 baadaye serikali iliyoongozwa na mtu aliyefungwa kwa ajili ya Mau Mau iliazima mbinu iyo hiyo na kuitumia kwa raia wake wenyewe, chini ya sheria za hatari zilizofanana mno na zile zilizomweka yeye Lokitaung.

Waliomtetea Kenyatta walisema kwamba dola changa haikuwa na njia nyingine, na kwamba askari na raia wasio na hatia walikuwa wakiuawa. Waliomlaumu walisema kwamba alishinda vita dhidi ya wapiganaji kwa kuwapoteza wananchi. Fahali wawili walipigana, na nyasi zikaumia.

KAUNDA, EGAL NA ARUSHA

Mlango wa amani ulifunguliwa kutoka upande usiotarajiwa. Mwaka 1967 Somalia ilipata Rais mpya, Abdirashid Ali Shermarke, na Waziri Mkuu mpya, Mohamed Haji Ibrahim Egal. Kufungwa kwa mfereji wa Suez mwezi Juni mwaka huo kuliziumiza biashara za Somalia, hasa ndizi zilizouzwa Italia. Hazina ilikuwa haina kitu na vita havikuwa vimeleta hata kijiji kimoja. Egal aliona kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kenyatta naye alikuwa na sababu zake. Ulinzi wa kaskazini ulikuwa ukila pesa ambazo serikali ilizihitaji kwa shule, hospitali na kununua mashamba ya walowezi ili kuwagawia wasio na ardhi.

Septemba 1967, katika mkutano wa OAU mjini Kinshasa, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwakutanisha Egal na Makamu wa Rais wa Kenya, Daniel arap Moi. Walitoa tamko la pamoja la kukubali kuheshimiana na kutafuta suluhu. Oktoba 28, 1967, Kenyatta na Egal walitia saini Arusha makubaliano yaliyovimaliza vita hivyo. Walikubaliana kulinda amani mpakani, kurudisha uhusiano wa kibalozi, kukomesha matangazo ya uchochezi ya redio, kulegeza hatua kwa hatua sheria za hatari, na kuunda kamati ya Kenya, Somalia na Zambia ya kukutana mara kwa mara. Mwanzoni mwa 1968 uhusiano wa kibalozi ulirejea.

Anayeyachunguza makubaliano hayo ataona siri ya mafanikio yake. Hayakumtaka Egal atamke kwamba Somalia imeacha madai yake, wala hayakumtaka Kenyatta akiri kwamba kuna ardhi yenye mgogoro. Kila mmoja alirudi nyumbani na heshima yake. Lakini humo humo ndimo mlimokuwa na upungufu. Serikali mbili zilipatana juu ya watu ambao hawakuwa na kiti chumbani. Ahadi ya kulegeza sheria za hatari ndiyo iliyotekelezwa kwa uzembe kuliko zote.

MIAKA YA MWISHO

Shermarke aliuawa Oktoba 15, 1969, na siku chache baadaye Jenerali Mohamed Siad Barre akatwaa madaraka. Hofu ilirudi, ijapokuwa vita havikurudi. Jina la Kenyatta kama mzee wa usuluhishi liliendelea kutafutwa. Juni 1975 aliwakutanisha Nakuru viongozi watatu wa Angola, Agostinho Neto, Holden Roberto na Jonas Savimbi. Walitia saini makubaliano, kisha wakarudi kwao kupigana.

Februari 1976 zamu ya kudaiwa ardhi iligeukia magharibi. Idi Amin wa Uganda alidai kwamba sehemu kubwa ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria. Kenyatta hakupeleka majeshi ng'ambo. Wananchi waliandamana, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakasusia shehena za Uganda, na Amin akayarudi maneno yake. Bahari ilikuwa silaha kubwa kuliko mizinga.

Somalia ilipoivamia Ogaden mwaka 1977, Kenya ya Kenyatta, iliyokuwa rafiki wa nchi za Magharibi, ilisimama pamoja na Ethiopia iliyokuwa imeegemea Moscow. Februari 1978 ndege za Kenya ziliilazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za Somalia itue Nairobi. Mpaka ulikuwa na uzito kuliko itikadi. Miezi sita baadaye, Agosti 22, 1978, Mzee Kenyatta alifariki dunia Mombasa, akazikwa katika uwanja wa Bunge, Nairobi.

Aliwaachia warithi wake nchi iliyo nzima. Hakupoteza hata kipande cha ardhi aliyoipokea mwaka 1963, na hilo si jambo dogo katika bara ambalo mipaka imemwaga damu nyingi. Lakini sheria za hatari alizoziweka kaskazini zilidumu miaka 13 baada ya kifo chake, zikafutwa mwaka 1991, mwaka ule ule serikali ya Somalia ilipoporomoka na wakimbizi wakamiminika Garissa. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaweka katika ripoti yake mateso ya wananchi wa huko kuanzia vita vya shifta na kuendelea.

Mgogoro na Somalia haujawa hadithi ya kale. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua shauri la mpaka wa baharini, uamuzi ambao Kenya iliukataa. Wengi walikumbuka wakati huo kwamba miaka 54 kabla yake nchi hizo mbili ziliwahi kuketi Arusha na kumaliza jambo kubwa zaidi bila hakimu.

Barabara ya Garissa bado inaanzia Thika na kupita chini ya Kilimambogo. Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka kusini aliipita kwa wepesi, na aliyetoka kaskazini alisimamishwa kizuizini, akatakiwa aonyeshe kitambulisho na kueleza anakwenda wapi. Mpaka ambao Kenyatta aliulinda ulibaki ng'ambo ya Garissa, lakini kwa raia huyo ulikuwa umesogea ndani, hadi karibu na mlango wa Nairobi.